Jina la Mpiga Fidla wa Pili

Isidore Cohen alikaa kiti cha pili. Kuanzia 1958 hadi 1966 alipiga fidla ya pili katika Kwarteti ya Juilliard ya New York, kundi lililoheshimika Marekani nzima na nje yake, na kazi yake usiku baada ya usiku ilikuwa ile ambayo msikilizaji wa kawaida, ukimuuliza baada ya onyesho, hawezi kukueleza: kushika katikati. Fidla ya kwanza inaimba, chelo inanguruma chini, na yeye yuko hapo kati, mara anafuata, mara anasukuma, mara anatoa noti mbili tu ambazo zikikosekana kila kitu kinapwaya. Baadaye alihamia Beaux Arts Trio, akadumu humo hadi 1992, na akafariki 2005. Watu wa fani wanamjua. Wengine si sana.

Mwaka 2019, katika Chuo cha Juilliard, palepale kwarteti ile ya zamani ilipozaliwa 1946, vijana wanne waliunda kwarteti yao na wakaiita Isidore. Wangeweza kujiita kwa jina la mtunzi, la mji, la mto, au la fundi wa fidla wa Italia ya kale. Ndivyo wafanyavyo wengi. Wao wakamchukua mzee wa kiti cha pili. Wenyewe husema jina lina sababu nyingine tena: kuna hekaya ya mtawa wa Kigiriki aliyeitwa Isidore, anayesemekana ndiye aliyewatengenezea watawala wa Moscow vodka ya kwanza, na vijana hawa hawakichukii kinywaji hicho. Huo ni utani wao, na tuwaachie. Sababu ya kwanza ndiyo iliyonifanya nianze kuwafuatilia, kwa sababu ndani yake mna msimamo mzima kuhusu ufundi huu, na msimamo huo ni nadra kwa watu wa umri wao, umri ambao kila mmoja anataka aonekane.

Adrian Steele na Phoenix Avalon wanapiga fidla, Devin Moore anapiga viola, Joshua McClendon anapiga chelo. Walikuwa hawajakaa sawa Korona ikawatawanya. Mwimbaji aliweza kuimba jikoni kwake na kujirekodi, mpiga piano aliweza kufanya mazoezi peke yake mwaka mzima, lakini kwarteti haifanyiki kwa simu. Sauti inayopita kwenye intaneti inachelewa kidogo tu, kiasi ambacho katika mazungumzo hukisikii, na kiasi hicho kinatosha kuwaua watu wanne wanaotaka kuanza noti moja kwa pamoja. Wakakutana tena kiangazi cha 2021 huko Kneisel Hall, Blue Hill, katika jimbo la Maine. Mwaka uliofuata wakashinda mashindano ya Banff. Mwaka 2023 wakapata ruzuku ya Avery Fisher inayotolewa na Lincoln Center. Kwa anayehesabu, huo ni mwendo wa kasi sana: kutoka mazoezi ya kiangazi hadi juu kabisa ya orodha, kama mwaka mmoja hivi.

Banff ni mji mdogo katika milima ya Rocky, jimbo la Alberta, Kanada. Tangu 1983 hukutanisha kwarteti za vijana, kwa kawaida kila baada ya miaka mitatu. Kumi zinachaguliwa, zinapandishwa jukwaani siku baada ya siku, na majaji ambao wengi wao wamezeekea kwenye fani hii wanakaa kusikiliza. Mashindano ya muziki mimi siyapendi sana, yana harufu ya mbio za punda, ila hapo Banff pana kipengele kimoja ninachokitetea. Kila mara mtunzi wa Kanada huagizwa aandike kazi mpya, na makundi yote kumi huipiga ileile. Hakuna rekodi ya kuigiza. Hakuna mwalimu aliyewahi kuipiga mwaka 1975 akakwambia pale hupumuliwa. Unakabidhiwa karatasi za noti, mnafungiana chumbani wanne, na mtakachotoka nacho ni chenu. Hapo ndipo majaji wanapoona nani anajua kufikiri na nani amekaririshwa. Tuzo ya kwanza ina fedha, lakini kilicho kikubwa ndani yake ni ziara za maonyesho Ulaya na Amerika Kaskazini na nafasi ya kukaa Banff kufanya kazi na kurekodi. Kwa lugha ya mtaani, wananunuliwa muda. Na muda ndio kitu ambacho kwarteti changa haina, kwa sababu kazi yenyewe ni ya kuchonga polepole, na kodi ya nyumba haichongwi polepole.

Wanachonga nini basi?

Tuchukue kulinganisha nyuzi, jambo ambalo hakuna mtu anayelikatia tiketi. Chelo ina nyuzi nne: C, G, D, A. Viola ina hizohizo, oktava moja juu. Fidla ina G, D, A, E. Kati ya uzi na uzi kuna hatua ya noti tano, ukihesabu na zile mbili za mwanzo na mwisho, iitwayo tano, na mpiga nyuzi yeyote anajua zinapokaa sawa, kwa sababu sauti mbili zinaacha kutetemeka na kutulia. Sasa panda kwa uaminifu, tano safi juu ya tano safi, kutoka C ya chini kabisa ya chelo mpaka E ya fidla. Kila hatua umeipima kwa sikio, kila hatua haina doa. Kisha mwambie wa chelo apige C yake wazi, na wa fidla apige E yake wazi, kwa pamoja. Zinagombana. E imepaa kupita kiasi, zaidi kidogo ya moja ya tano ya nusu-toni. Hakuna aliyekosea. Hesabu ya maumbile yenyewe ndiyo haifungi.

Piano imeumaliza ugomvi huu kwa kuugawa uongo sawasawa katika vibonye vyote. Fundi anakuja, anailinganisha, anaondoka, na mpigaji hana la kuamua tena. Wenye nyuzi hawana fundi wa kuwaamulia. Ndiyo maana kwarteti nyingi huzibana hatua zile za tano kidogo, kila moja kwa unywele, ili C ya chelo na ya viola zipande kidogo kuelekea E ya fidla. Hata hivyo shida haijaisha, maana noti moja haina makao mamoja. Fidla ya kwanza imeshika E ndefu, imekaa vizuri juu ya A ya viola. Noti inayofuata chelo inaingia na C chini yake, na palepale, bila kuinua upinde, kidole cha fidla lazima kishuke upana wa unywele, la sivyo sauti inageuka chungu. Aliyebadilika ni wa chelo. Anayesogea ni wa fidla. Na kama anayeshika ile sauti ya tatu ni fidla ya pili au viola, basi huyo ndiye wa kusogea, mara nyingi kwa noti ambayo haitasikika kama yake. Inasikika tu kwamba ghafla jukwaa limeng'aa, na wasikilizaji wanamshukuru aliyekuwa anaimba juu.

Msikilizaji wa taarabu hapa hahitaji kushawishiwa sana. Zanzibar, tangu zama za Ikhwani Safaa iliyoanza 1905, sikio limezoea kwamba fidla haina vituo vilivyochorwa, na mtu aliyelelewa na maqamu ya Rasti anajua kabisa kwamba sauti ya tatu haikai pale piano inapoiweka. Tofauti ni katika kazi. Katika taarabu ya kale fidla huenda pamoja katika wimbo mmoja, kila mmoja akiuremba kwa mkono wake, zinamjibu mwimbaji, zinamsindikiza. Katika kwarteti hakuna mwimbaji wa kusindikizwa. Wote wanne wanasema, wanasema mambo tofauti, na unatakiwa usikie neno moja.

Aliyeliweka jambo hili mezani ni Joseph Haydn, ambaye kwarteti zake zinahesabiwa 68. Hadithi yake ni ndefu na imeshasimuliwa na wengi, nitaipita. Ninachotaka ni jioni moja ya Vienna ambayo mwimbaji wa Ireland, Michael Kelly, ameiacha katika kumbukumbu zake. Alikaribishwa kusikiliza kwarteti nyumbani kwa watu. Haydn alikuwa fidla ya kwanza, Dittersdorf ya pili, Vanhal chelo. Mozart, ambaye angeweza kukaa kiti chochote alichotaka, alikuwa kwenye viola. Na Kelly, bila kuona haya, anaandika kwamba wapigaji walikuwa wa kuridhisha tu, hakuna hata mmoja aliyetia fora katika chombo chake. Naipenda sana habari hiyo. Watunzi wanne, wawili kati yao wakubwa kuliko wote wa zama zao, na kama wapigaji ni wa kawaida. Wamekaa chumbani wanafurahi.

Kutoka kwenye kiti kile cha viola Mozart aliona mambo. Mwaka 1785 alichapisha kwarteti sita alizomtunukia Haydn, na ya mwisho, K. 465, inaanza hivi: chelo peke yake inarudia C, kimyakimya, noti zilezile fupifupi. Viola inaingia juu yake na sauti ya huzuni, A iliyoshushwa. Fidla ya pili inaongeza yake. Mpaka hapo mambo yanaeleweka, ni msiba wa kawaida. Kisha fidla ya kwanza inaingia na A isiyoshushwa, na mwili mzima unashtuka. Umesikia A mbili zisizopatana, moja bado iko sikioni. Inasimuliwa kwamba watu walizirudisha karatasi wakidhani mchapishaji amekosea. Lakini angalia nini kimefanyika: A ya fidla ya kwanza yenyewe haina kosa lolote. Kilichoifanya iume ni viola iliyotangulia, ambayo kwa wakati ule imeshaondoka, imeteremka kwenye G kama vile haikuhusika. Mpiga viola akiipiga noti yake ya kwanza kizembe, fidla ya kwanza inaingia kama mgeni yeyote. Akiipiga kwa uzito unaostahili, fidla ya kwanza inaingia kama habari mbaya. Sifa itakwenda kwa fidla ya kwanza, lakini dakika nzima ilijengwa na yule aliyeondoka.

Hili ndilo ninaloliita ufundi wa kiti cha pili, na kwa kweli wote wanne wanao, kila mmoja kwa zamu. Beethoven alilipeleka mbali. Katika kwarteti ya kwanza aliyomwandikia Razumovsky, balozi wa Urusi Vienna, mwaka 1806, wimbo mkuu umewekwa kwenye chelo, huku fidla ya pili na viola zikipiga noti mojamoja kama moyo. Sehemu ya pili ya kazi hiyohiyo inaanza na chelo ikigonga noti moja tu kwa mdundo, na inasemekana mpiga chelo Bernhard Romberg, bingwa wa siku zile, alikasirika mpaka akaikanyaga karatasi. Alitafuta mahali pake pa kuonekana, akapewa noti moja. Sidhani alikuwa mjinga. Alikuwa bingwa, na hilo ni tatizo la mabingwa.

Halafu kuna 1825. Kwarteti ya Opus 127 ilikuwa ngumu kupita yote yaliyowahi kupigwa Vienna, na Beethoven, kiziwi kabisa wakati huo, aliwaandikia mpiga fidla Schuppanzigh na wenzake hati ya kiapo, nusu utani, kila mmoja atie sahihi kwamba atajitahidi kwa heshima yake. Wakatia. Tarehe 6 Machi wakapiga, na mambo yakaharibika. Ndipo kazi ikapewa kundi la mpiga fidla mwingine, Joseph Böhm, wakafanya mazoezi mbele ya mtunzi mwenyewe. Böhm anasimulia kwamba Beethoven alijikunyata kwenye kona, hasikii chochote, macho yamekazia pinde. Kwa kuangalia mikono tu alijua nani amechelewa na nani ameharakisha, na alisimamisha na kusahihisha. Karibu na mwisho kulikuwa na alama aliyoiandika ya kupunguza kasi. Böhm aliona inaua kazi, akawaambia wenzake wasipunguze. Wakapiga moja kwa moja mpaka mwisho. Mzee akanyanyuka, akasema na iwe hivyo, akaenda kwenye kila meza ya noti, moja baada ya nyingine, akaifuta ile alama katika karatasi zote nne.

Tazama vijana wa kwarteti yoyote nzuri jukwaani na utaelewa Beethoven alikuwa anaangalia nini. Hakuna kiongozi mwenye fimbo. Kuna pumzi: anayeanza anavuta hewa puani, na urefu wa pumzi ile ndio kasi ya wimbo. Kuna kiwiko, kuna nyusi. Kuna upande gani wa upinde unaogusa uzi, karibu na mkono ambako ni mzito au kwenye ncha ambako ni mwepesi, na kama watatu wako kwenye ncha na mmoja yuko karibu na mkono, utasikia watu wawili badala ya mmoja. Mambo haya yanaandikwa kwa penseli, yanafutwa, yanaandikwa tena. Saa nzima ya mazoezi inaweza kuishia kwenye mistari miwili.

Wala hayafundishwi kwa kitabu. Hapa Kneisel Hall inarudi, kwa sababu pahali hapo panabeba jina la Franz Kneisel, aliyeanzisha kwarteti yake Boston mwaka 1885. Aliyewakalisha kina Isidore chini pale Maine ni Joel Krosnick, mpiga chelo wa Kwarteti ya Juilliard kuanzia 1974 hadi 2016. Krosnick hakumkuta Isidore Cohen katika kundi lile, Cohen alishaondoka. Ila fidla ya kwanza ya Cohen ilikuwa Robert Mann, na fidla ya kwanza ya Krosnick kwa zaidi ya miaka 20 ilikuwa Robert Mann huyohuyo. Kwa hiyo silsila imekamilika: kijana wa leo ameambiwa na aliyekaa na yule aliyekaa na mzee wa jina. Miongoni mwa walimu wao alikuwamo pia Roger Tapping, mpiga viola wa Juilliard, aliyefariki Januari 2022, miezi michache kabla hawajashinda Banff.

Sasa, kuhusu kupanda kwao kwa kasi. Ratiba ikijaa, watu hudhani kazi imekuwa rahisi. Malipo ya jioni moja yanagawanywa kwa wanne, baada ya wakala kuchukua chake, na tiketi za ndege zinakuwa tano, kwa sababu chelo haipakiwi na mizigo. Inakatiwa kiti, inafungwa mkanda, na halipwi mtu chochote kwa ajili yake. Vijana wa Isidore wamecheza pia nje ya kumbi, katika mradi wa Music Heals Us, kwa wazee, walemavu, wafungwa na wasio na makazi, na sioni kama hiyo ni sadaka ya pembeni. Mtu asiyejua sheria za ukumbini, asiyejua lini apige makofi, anakusikiliza bila kukusaidia. Ukiweza kumshika huyo, umeshika.

Ngumu kuliko pesa ni kuishi pamoja. Wanne ni idadi mbaya ya kupiga kura, mnaweza kugawanyika wawili kwa wawili kila siku ya Mungu. Makundi mengi hukata shauri kwa kupiga njia ya hawa leo na njia ya wale kesho, kisha wanaona ipi imebaki mikononi. Kwarteti ya Guarneri walikaa pamoja kutoka 1964 hadi 2009 na kwa miaka yote hiyo alibadilika mmoja tu, mpiga chelo. Kwarteti ya Emerson walianza 1976 wakafunga 2023, na wapiga fidla wao wawili, Eugene Drucker na Philip Setzer, walikuwa wakibadilishana kiti cha kwanza na cha pili kwa miaka yote, jambo ambalo zamani lingeonekana vurugu. Wengi hawafiki huko. Mmoja anaoa, mmoja anapata nafasi katika okestra kubwa yenye mshahara na bima, mmoja anachoka tu na kukohoa kwa mwenzake.

Isidore wako sasa mahali ambapo makundi mengi huvunjika. Zamu ya Banff ya 2022 imekwisha, 2025 ilikuja na washindi wake, na kuanzia hapa hakuna aliyewanunulia muda, watajinunulia wenyewe. Mimi siwatakii ukumbi mkubwa zaidi. Ninachotaka kusikia ni Opus 127 ileile, mikono hiyohiyo minne, wakiwa na miaka 50, na nikifika nitatafuta kiti upande ule ambao mkono wa fidla ya pili unaonekana vizuri.